UZI: Saini ya staa inauzwa mtandaoni, tunajuaje kama ni ya mkono wake?

#1 Mwambao Kusini (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni.

Msimu wa korosho umeshika kasi, hela za mnada zinaingia kwenye simu, na makundi ya mauzo ya Mtwara na Lindi yamejaa "vitu vya mastaa": jezi zilizosainiwa, vitabu, picha. Naweka kimoja mezani tukichambue hadi mwisho.

Ni picha ya rangi ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, akiwa jukwaani, inchi 8 kwa 10. Saini iko kona ya chini kulia, nyeusi, ya maka. Muuzaji yuko Lindi mjini. Anasema ilisainiwa London mwaka 1986, na ina cheti chenye stika ya kung'aa na namba. Bei 650,000, nusu itangulie kwa simu, kisha mzigo unapanda basi kuja huku. Ametoa picha mbili tu, zote za upande wa mbele, na moja imepigwa kwa flashi.

Mtu aanzie wapi? Cheti kinatosha? Na vitu vyetu vya nyumbani kama jezi na vitabu vinakaguliwa kwa njia hiyohiyo?

---

#2 Karatasi Kongwe

Njomba, anza na tarehe. Usiitazame saini kwanza. Wengi wanakimbilia kulinganisha herufi wakati kitu chenyewe kimeshakataa kwenye kalenda.

Orodhesha vitu vitatu: kalamu ilianza kuuzwa lini, karatasi au kitu kilichosainiwa kilitengenezwa lini, na msainiji alikuwa hai na anatumia jina hilo kuanzia lini hadi lini. Vyote vitatu lazima vikutane katika kipindi kimoja. Kimoja kikikaa nje, kazi imeisha.

Kwa upande wa kalamu, biki zilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945, kwa hiyo saini ya biki yenye tarehe ya 1930 ni ya uongo. Maka za ncha ya nyuzi zilitoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na maka za Sharpie zikaingia sokoni 1964. Mwigizaji Marilyn Monroe alifariki Agosti 1962. Picha zake zenye saini ya Sharpie zinauzwa mtandaoni kila siku, na hakuna haja ya kupima hata herufi moja.

Kwa upande wa karatasi, nyingi za kuanzia miaka ya 1950 zina dawa ya kuzing'arisha, na chini ya mwanga wa zambarau zinawaka buluu-nyeupe. Ile tochi ya kukagulia noti inayokaa kwenye kaunta za maduka yetu inatosha. Barua inayodaiwa kuwa ya 1935 ikiwaka kama shati lililotiwa buluu, iache. Ila tochi hiyo haitusaidii kwa Freddie, maana karatasi ya picha ya 1986 nayo inaweza kuwaka bila kosa lolote. Kipimo kina kipindi chake.

Kuhusu mtu mwenyewe: alizaliwa Zanzibar Septemba 1946 kwa jina Farrokh Bulsara, jina Mercury akalichukua wakati bendi ya Queen inaanza, mwaka 1970. Alifariki 24 Novemba 1991. Kwa hiyo "Freddie Mercury" kwenye kitu cha 1967 haipo, na kwenye albamu ya Queen iliyotoka Novemba 1995 haipo vilevile. Hiyo ya 1995 inauzwa ikiwa "imesainiwa na wote wanne".

Picha yako imedai 1986. Kwa jina na kwa kalamu inapita. Imebaki karatasi, na muuzaji hajaonyesha mgongo wa picha. Uombe huo kabla ya kitu kingine chochote.

---

#3 Lenzi Kumi

Naongezea hapo kwa Karatasi Kongwe, maana tarehe ikipita ndipo saini yenyewe inaingia.

Saini ni mwendo. Anayeghushi ananakili umbo, na umbo analiweza vizuri sana akifanya mazoezi wiki mbili. Kinachomshinda ni kasi. Mtu anayesaini jina lake kwa mara ya elfu ishirini hafikirii herufi, mkono unaruka wenyewe. Anayeiga anachora, na anayechora anaenda polepole, na upolepole unaacha alama kwenye wino.

Chukua kioo cha kukuzia cha mara 10, kile wanachotumia mafundi saa. Cha mara 3 hakitoshi, na cha mara 40 kinakuonyesha nyuzi za karatasi mpaka unausahau mstari. Angalia mambo haya.

Mwanzo na mwisho wa kila mstari. Kwenye saini ya kweli kalamu inatua ikiwa tayari inatembea na inanyanyuka ikiwa bado inatembea, kwa hiyo ncha zimechongoka kama mkia wa panya. Kwenye ya kughushi ncha ni butu, zina kitako, maana kalamu ilitua, ikasimama, ndipo ikaanza safari.

Uzito wa wino. Penye kasi mstari unakuwa mwembamba na mwepesi, kwenye kona unanenepa. Ukikuta unene ni mmoja kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, mkono haukuwa na kasi.

Mitetemo midogo kwenye mikunjo mikubwa. Duara la herufi likiwa na vikona vidogovidogo badala ya kupinda kwa mkupuo mmoja, mtu alikuwa anatazama mfano pembeni huku anaandika.

Viungo. Kalamu ya kughushi inanyanyuliwa katikati ya herufi ili macho yarudi kwenye mfano, kisha inaunganishwa. Ukikuza, unaona mstari mmoja umepandia mwingine mahali ambapo mwenye saini hanyanyui kamwe.

Halafu igeuze picha kichwa chini, miguu juu. Ukiisoma kwa kawaida, ubongo unasoma jina na kuridhika. Ikigeuzwa unabaki na mistari mitupu, na mlalo usiolingana unaonekana haraka.

Mifano ya kulinganishia isipungue 10, na iwe ya kipindi kilekile, miaka miwili mbele au nyuma. Usiokote kwenye utafutaji wa picha tu, kwa sababu humo feki zimechanganyika na za kweli na utajikuta unalinganisha feki na feki. Tafuta mikataba, barua, na kumbukumbu za nyumba kubwa za mnada. Vitu vya nyumbani kwa Freddie, kwa mfano, viliuzwa na Sotheby's London Septemba 2023, pamoja na maandishi ya mkono wake. Hayo ni mwandiko, siyo saini, lakini yanakuonyesha mkono wake unavyotembea.

Onyo moja: mtetemo peke yake hauhukumu. Bondia Muhammad Ali alitangazwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984, na saini zake za miaka ya baadaye ni ndogo, zimebanana, zinatetemeka, na ni halali. Kwake yeye mashaka ni pale unapoona saini kubwa, laini, iliyotanuka, yenye tarehe ya 2005. Na "Muhammad Ali" yenye tarehe ya 1962 haiwezekani, maana alikuwa bado Cassius Clay mpaka 1964.

---

#4 Mtu wa Ruangwa

Nawasoma wakuu, ila naona mnazunguka sana. Picha ina cheti, cheti kina stika na namba. Kampuni ya Marekani imeshakagua. Sisi huku Lindi na vioo vya fundi saa tutajua kuliko wao?

---

#5 Karatasi Kongwe

Mkuu wa Ruangwa, hoja yako ndiyo inayowaingiza wengi hasara, ngoja tuifungue taratibu.

Vyeti viko vya aina tatu. Cha kwanza kimetolewa na muuzaji mwenyewe: "tunathibitisha hii ni halali kwa asilimia 100, dhamana ya maisha". Hicho ni maneno ya muuzaji yaliyopigwa chapa kwenye karatasi nzuri. Cha pili kimetolewa na kampuni ambayo hakuna anayeijua, yenye nembo ya tai na mhuri wa dhahabu. Cha tatu ni cha wakaguzi wanaotambulika sokoni, kama PSA, JSA na Beckett, ambao wanabandika stika yenye namba na kuiweka namba hiyo kwenye tovuti yao.

Hata hicho cha tatu kina hatua za kukisoma. Ingiza namba kwenye tovuti uliyoitafuta wewe mwenyewe. Usifungue kiungo ambacho muuzaji amekutumia, wala usiskani msimbo wa mraba (QR) ulioko kwenye cheti, maana tovuti ya kuigiza inatengenezwa kwa siku moja. Namba ikikubali, soma maelezo: ni saini ya nani, na iko kwenye kitu gani? Matapeli wananakili namba ya kweli kutoka tangazo la mtu mwingine na kuichapa kwenye stika ya bandia, kwa hiyo namba inakubali lakini kitu ni kingine. Kama tovuti ina picha ya kitu, linganisha mahali saini ilipokaa: mkia wa herufi ya mwisho unagusa bega au umelipita?

Na stika ya kweli inaweza kubanduliwa kutoka kitu cha bei ndogo na kuhamishiwa cha bei kubwa. Stika nyingi zimetengenezwa zivunjike zikibanduliwa. Ukiona kingo zimekatika, gundi imetuna, au kuna pengo katikati ya ule mng'ao, hiyo imesafiri.

Historia ipo wazi. Miaka ya 1990 FBI ya Marekani ilifanya operesheni iliyoitwa Bullpen dhidi ya genge la kughushi saini, na msako mkubwa ukafanyika Oktoba 1999. Mali ile ilikuwa inauzwa na vyeti vyake, tena vizuri. Miongoni mwa vitu vilivyonaswa kulikuwa na mipira ya besiboli yenye "saini" ya Mama Teresa.

Cheti kije mwisho, baada ya tarehe na baada ya mstari. Kikija kwanza kinakufumba macho.

---

#6 Mtu wa Ruangwa

Hapo kwenye namba ya kweli kuwekwa kwenye kitu kingine nimekuelewa. Sikuwa nimeliwaza. Asante mkuu.

---

#7 Binti Mikindani

Lenzi Kumi, umezungumzia mkono wa kughushi tu. Zipo saini ambazo hazikughushiwa na tapeli yeyote, zimetoka ofisini kwa staa mwenyewe, na bado siyo za mkono wake. Zigusie dada zako na kaka zako wazijue.

---

#8 Lenzi Kumi

Ni kweli dada, na hizo ndizo ngumu, maana muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado anauza kisicho.

Kuna mashine ya kusaini. Ni mkono wa chuma unaoshika kalamu halisi na kufuata kiolezo cha saini. Kalamu ni ya kweli, wino ni wa kweli, hata ukigusa unaona ni wino. Dalili zake ni nukta ndogo mwanzoni na mwishoni mwa mstari, kwa sababu mashine inashusha kalamu kwanza ndipo isogee, na inasimama ndipo inyanyue. Mgandamizo ni mmoja kote. Mistari iliyotakiwa kunyooka inakuwa na mawimbi madogo. Na ushahidi mkubwa kuliko yote ni kufanana. Binadamu hawezi kusaini mara mbili sawasawa. Ukiweka saini mbili juu ya nyingine zikalaliana mstari kwa mstari, umeishika mashine.

Namna ya kulaza: picha zote mbili zipigwe kutoka juu wima, zisiwe za kuinama, rula iwe pembeni. Kwenye programu yoyote ya kuhariri picha yenye tabaka, punguza uzito wa ile ya juu hadi asilimia 50, kuza mpaka milimita za rula zilingane, kisha sogeza. Usivute upande mmoja ili zilingane, hapo utakuwa unajidanganya.

Mwanamuziki Bob Dylan mwaka 2022 alitoa kitabu, na nakala 900 zikauzwa dola 599 kila moja kama zilizosainiwa kwa mkono. Wanunuzi walizipandisha picha zao mtandaoni, wakazilaza, zikalingana. Mchapishaji akarudisha hela, na Dylan mwenyewe akaomba radhi. Kila nakala ilikuwa na barua ya uthibitisho ndani yake.

Kuna wasaidizi. Kwa bendi ya Beatles, Neil Aspinall na Mal Evans walisaini majina ya bendi nzima mara nyingi kwa niaba yao. Saini hizo zina kasi, ncha zimechongoka, kalamu ni ya wakati ule, karatasi ni ya wakati ule. Unazikamata kwa kujua mwandiko wa msaidizi mwenyewe, na kwa kuona majina manne yamelalia upande mmoja kana kwamba yameandikwa na mtu mmoja, jambo ambalo ndilo lililotokea.

Muhuri wa mpira unajulikana kwa wino kusukumwa pembeni, kingo nyeusi na katikati kumepauka.

Halafu ipo ya kuchapwa pamoja na picha. Hiyo ndiyo imejaa kwenye makundi yetu. Staa alisaini picha moja, ikapigwa nakala maelfu kwa ajili ya mashabiki. Kwenye matangazo ya nje utakuta herufi "RP" pembeni ya bei, maana yake ni nakala iliyochapwa. Mtu anainunua hiyo kwa hela ya soda, anaileta huku, na zile herufi mbili zinaachwa njiani.

---

#9 Jezi ya Kweli

Niingie kwenye jezi, maana ndizo zinazouzwa zaidi huku kusini kuliko Freddie.

Jezi ina kalenda yake kifuani. Chukua Mbwana Samatta. Alijiunga na Aston Villa Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, na jezi ya msimu ule wa 2019/20 ilikuwa ya Kappa yenye jina la mdhamini W88 kifuani. Septemba 2020 akaenda Fenerbahçe. Ukiletewa jezi ya Villa yenye jina Cazoo kifuani na saini ya Samatta, hiyo ni ya msimu wa 2020/21, alioondoka ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Muulize muuzaji ilisainiwa wapi na siku gani. Hata jezi za Simba zinapangika hivyo: SportPesa aliingia kifuani 2017, M-Bet akafuata 2022. Mchezaji aliyeondoka kabla ya hapo hana sababu ya kusaini jezi yenye M-Bet.

Sasa saini yenyewe juu ya kitambaa. Maka kwenye jezi inasambaa kufuata nyuzi, kingo za mstari zinakuwa na vinyweleo. Mstari unakatikakatika kwenye vitundu vya kitambaa kwa sababu ncha inaruka. Igeuze ndani nje: wino wa kweli umepenya kwa mabakamabaka, pengine sana, pengine kidogo. Ikiwa ndani ni safi kabisa wakati nje ni nyeusi tii, hiyo imebandikwa kwa pasi ya moto. Ivute kitambaa upana wa vidole viwili: iliyobandikwa inatanuka kama ngozi nyembamba, na ikizeeka inapasuka. Kingine ni kwamba baadhi ya jezi za madukani zina saini zilizochapwa kiwandani kama pambo. Angalia jezi nyingine ya toleo hilohilo. Saini ikiwa mahali palepale, umeshapata jibu.

Na tafadhali, msisugue saini kwa spiriti "kupima kama ni wino". Ikiwa ni ya kweli utakuwa umeiua wewe mwenyewe.

---

#10 Binti Mikindani

Vitabu navyo viguswe, kwa sababu kusini tuna mtu wetu. Mzee Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Kitabu chake cha kumbukumbu za maisha kilizinduliwa Dar es Salaam 12 Novemba 2019, siku yake ya kuzaliwa. Alifariki 24 Julai 2020. Kwa hiyo dirisha la kusaini kitabu hicho ni miezi minane na siku chache. Saini yenye tarehe ya Septemba 2020 haihitaji kioo. Saini isiyo na tarehe inahitaji swali: kilisainiwa kwenye hafla gani, kwa nani? Nakala iliyoandikiwa mtu kwa jina, "kwa fulani", mara nyingi huuzwa bei ndogo kuliko saini tupu. Kwangu mimi ina uzito zaidi, kwa sababu maneno mengi yanatoa mwandiko mwingi wa kulinganisha, na mwenye kughushi anapenda maneno machache.

Kwa Abdulrazak Gurnah hali ni hiyohiyo. Tuzo ya Nobel ilitangazwa Oktoba 2021, na baada ya hapo nakala "zilizosainiwa zamani" zikaongezeka bei. Fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, soma ni toleo lipi. Tarehe ya 1994 iliyoandikwa kwenye nakala ambayo jalada lake limeshachapwa kwamba mwandishi ni mshindi wa Nobel inajikataa yenyewe.

Angalia pia saini imekaa kwenye nini. Waandishi wengi husaini ukurasa wa jina la kitabu. Ikiwa iko kwenye kikaratasi kilichogundishwa, inaweza kuwa halali, lakini kikaratasi kinabanduka na kuhama. Na ukikuta jani tupu la mwanzo limenyofolewa kwenye vitabu vya zamani vinavyouzwa rejareja, jua majani hayo yanatafutwa. Mwenye kughushi anapata karatasi ya umri sahihi bila jasho.

---

#11 Karatasi Kongwe

Hapo kwenye jani la zamani dada amegusa penyewe. Karatasi ya umri sahihi haitoshi, lazima uulize wino ulikuja lini *juu ya* karatasi hiyo.

Karatasi kongwe imepoteza ile gundi inayozuia wino usisambae, kwa hiyo wino wa leo ukiwekwa juu yake unatawanyika kama mizizi. Mikunjo nayo inasema. Ikiwa saini ilitangulia na mkunjo ukaja baadaye, mstari wa wino umevunjika pamoja na karatasi. Ikiwa mkunjo ulitangulia, wino umemwagikia ndani ya ufa na kunenepa pale. Kwenye picha za zamani zenye nyufa ndogo juu ya uso, kipimo hiki kinamaliza ubishi mapema kuliko kulinganisha herufi.

Mwambao, ukimwandikia muuzaji, mwombe hivi. Mgongo wa picha wote, pembe nne zionekane. Saini peke yake ikijaza fremu, simu iwe wima juu yake, rula pembeni, bila flashi. Kisha video ya sekunde 20: chumba chenye giza kidogo, tochi ilazwe karibu sambamba na uso wa picha, na picha iinamishwe taratibu mwanga upite juu ya saini. Maka halisi juu ya picha ya kung'aa inakaa kama tabaka, mng'ao wake hautoshani na wa picha, na mwanga ukifika kwenye mstari unakatika. Saini iliyochapwa haikatishi mwanga, unapita juu yake kama hakuna kitu. Biki ingeacha mfereji.

Zote azitume WhatsApp kama nyaraka, siyo kama picha, maana ikitumwa kama picha inabanwa na zile ncha zilizochongoka zinapotea. Akisema imeshapigwa laminesheni, ukaguzi wa mwanga umekufa, na mara nyingi laminesheni iliwekwa kwa sababu hiyo. Wapo wanaosema ni kuikinga na unyevu wa pwani. Bahasha ya plastiki isiyo ya PVC inafanya kazi hiyo bila kuifungia.

---

#12 Mwambao Kusini (Mtwara)

Amejibu. Video hajatuma, anasema tochi hana. Mgongo ametuma, nimeukuza. Kuna maandishi hafifu ya kijivu yaliyolala mshazari na kujirudia: jina la kampuni ya printa, na chini yake neno la karatasi ya picha ya kung'aa. Saini aliyoituma kama nyaraka ni safi kuliko ya mwanzo. Ndani ya mstari mweusi naona vidoa vidogo vya buluu na vya wekundu.

Namba ya cheti nimeitafuta kwenye tovuti ya kampuni, nimeandika anwani mwenyewe. Inakubali. Maelezo yanasema kadi ya mchezaji wa besiboli.

---

#13 Lenzi Kumi

Vidoa vya rangi ndani ya mstari mweusi ni printa. Maka nyeusi ni nyeusi hadi ndani. Ikizeeka inaweza kugeuka zambarau au kahawia pembeni, lakini kwa mpito laini, si kwa vidoa. Saini imechapwa pamoja na picha.

---

#14 Mtu wa Ruangwa

Swali la mwisho kwa Karatasi Kongwe. Muuzaji anaweza kudai filamu ilikuwa ya 1986, picha ikaja kusafishwa upya baadaye. Hapo unamjibuje?

---

#15 Karatasi Kongwe

Mkuu, filamu inaweza kuwa ya 1986 na picha ikatolewa mwaka wowote, hilo halina ubishi. Lakini saini haikuwekwa kwenye filamu, imewekwa kwenye karatasi, na wino hauwezi kuwa mkubwa kwa umri kuliko karatasi iliyoubeba. Printa za wino za nyumbani zenye uwezo wa kutoa picha za namna hiyo zilisambaa katikati ya miaka ya 1990, na karatasi zake zenye jina mgongoni zikaja nazo. Freddie alifariki 1991.

---

#16 Jezi ya Kweli

Na bei yenyewe iangaliwe. Picha yenye saini ya kweli ya Freddie inakwenda kwa mamilioni ya shilingi. Aliye nayo na anayejua alichonacho haiuzi 650,000 kwenye kundi la mauzo la mkoa, anaipeleka mnadani.

Kuhusu nusu kutangulia: kwa mzigo wa Lindi kuja Mtwara ni kilomita zisizozidi 110 au hivi, mtu anakwenda na kurudi siku moja. Kagua kwa mkono, lipa pale pale. Kama ni lazima utume hela, jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri lifanane na la muuzaji. Akikwambia "hiyo ni namba ya shemeji", simama. Ujumbe wa kitapeli unapelekwa TCRA kwa kuutuma kwenda 15040, na picha za mazungumzo zisifutwe, maana polisi wataanza nazo.

---

#17 Mwambao Kusini (Mtwara)

Nimemwandikia kwamba karatasi ni ya printa na namba ya cheti ni ya kadi ya besiboli. Tangazo limeondolewa Lindi, nusu saa baadaye limepanda kwenye kundi la Masasi kwa 500,000, picha ni zilezile mbili za mbele. Nimeweka chini yake picha ya mgongo.